"Dizeli Lazima Igonge, Bosi"

Jumapili iliyopita ameniandikia msomaji mmoja aliyeko Maskati. Ana Nissan Frontier ya V6, zile pikapu za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizotoka kiwandani na supachaja, na sasa akiiwasha inatoa mlio "kama misumari inatikiswa kwenye kopo". Akikanyaga mafuta kidogo, mlio unapotea. Fundi amesikiliza akiwa amesimama hatua tatu kutoka kwenye gari, akasema injini imekwisha. "Kaka, niiuze chuma chakavu?"

Usiuze, ndugu yangu. Supachaja ni pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, ila haizungushwi na moshi kama turbo zetu huku, inazungushwa na mkanda. Basi vua huo mkanda, washa injini, sikiliza. Usizidishe dakika moja, maana huenda mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji. Kelele zikiisha, msala uko kwenye supachaja au puli zake, injini iache. Na mlio wa kopo unaopotea ukiongeza mafuta, mara nyingi ni kile kiungo kidogo kilicho kati ya puli na rota, yale mapanga ya ndani yanayosukuma hewa. Kikishalika kinacheza. Kinabadilishwa. Ukiwa hapohapo kagua na oili ya supachaja. Ina oili yake peke yake, na wengi hawajui hata kama ipo.

Ningeweza kuishia hapo. Ila hilo la fundi kuhukumu kwa hatua tatu limenitonesha kidonda.

Mwaka 2019 nilikuwa na Hilux Vigo, injini ya 1KD, dizeli ya lita 3 yenye turbo. Nilikuwa napandisha sukari, sabuni na mafuta ya kupikia kwenda Ilula, Iringa, nikishuka napakia nyanya za kupeleka Dar. Kazi ilikuwa inalipa. Nyumba ilishafika kwenye linta.

Asubuhi moja ikaanza kugonga, ko-ko-ko, ikiwa ya baridi. Ikipata moto inanyamaza. Kulikuwa na kitu kingine ambacho nilikisikia nikakipuuza: "chfu, chfu" ndogo chini ya boneti, na harufu ya moshi inayoingia ndani nikisimama kwenye foleni. Nikampelekea fundi wangu wa siku nyingi, mtu ambaye hata kwenye harusi yangu alikula pilau. Hakugusa spana. "Dizeli lazima igonge, bosi. Weka oili nzito." Nikaweka. Mlio ukapungua kweli, na mimi nikamsifia kijiwe kizima.

Miezi mitatu baadaye naupanda mlima Kitonga na mzigo. Turbo ikaanza kulia kama king'ora. Kwenye kioo naona moshi wa bluu. Halafu kutoka chini kabisa, mlio mwingine, mzito, du-du-du, unaousikia kwenye nyayo kabla haujafika masikioni. Taa ya oili ikawaka nikiwa katikati ya kona, lori la mafuta liko nyuma yangu. Nikajiambia, ngoja nimalize hii kona. Nikamaliza hiyo na nyingine mbili. Hapo simsingizii mtu, ujinga ule ulikuwa wangu.

Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ilipofunguliwa nilidhani wamenionyesha lami ya barabarani. Lile chujio la wavu ambalo pampu ya oili inanyonyea lilikuwa limeziba, ungepitisha pini kwa shida. Chanzo? Washa, zile ringi bapa za shaba zinazokaa chini ya injekta, pua zinazopulizia dizeli ndani ya injini. Huu ni ugonjwa unaojulikana wa 1KD: washa zikichoka, moshi wa mlipuko unapenya pembeni ya injekta (ndiyo ile "chfu, chfu" yangu), unaingia kwenye oili, masizi yanagandana na kwenda kuziba chujio. Injini inabaki na njaa ya oili. Wa kwanza kufa ni turbo, kwa sababu shafti yake inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika ikiwa imebebwa na utando wa oili tu. Zikafuata beringi za konrodi, zile fimbo za chuma zinazobeba pistoni. Ile oili nzito aliyonishauri ilikuwa ni kumfunga mgonjwa mdomo asilalamike.

Milioni 6 na laki 8. Linta ikanyeshewa misimu miwili. Fundi akasema nilizidisha mzigo. Mpaka leo tukikutana ananiita bosi.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kusikiliza. Natembea na bisibisi ndefu: ncha naigusisha kwenye chuma cha injini, mpini naubana kwenye mfupa nyuma ya sikio. Nahamisha kutoka injekta moja hadi nyingine, kisha kwenye sampu, kisha pampu ya maji. Mahali pabovu panakupigia kelele kichwani mwenyewe bila kuuliza. Kunja mikono ya shati lakini, feni haina undugu.

Kwenye dizeli, mlio mkali unaogonga asubuhi na kupungua ikipata moto, anza na injekta. Mlio mzito wa chini unaozidi oili ikishapata moto na kuwa nyepesi, ni beringi: zima, vuta kwa kamba, usijidanganye na kona kama mimi. Mluzi unaokuja na kukosa nguvu pamoja na moshi mweusi, upepo unavuja kati ya turbo na injini. King'ora na moshi wa bluu, turbo yenyewe. Zima gari, subiri ipoe, vua bomba la hewa, shika shafti kwa vidole. Ikicheza kidogo pembeni ni sawa. Ikienda mbele na nyuma, au mapanga yakigusa ukuta, tafuta nyingine.

Na tafadhali, ule ufundi wa zamani wa kulegeza paipu za injekta moja baada ya nyingine ili kujua ipi inagonga, usifanywe kwenye injini za kisasa. Presha ya dizeli mle inapita baa 1,000, inatoboa ngozi na kuingia mwilini. Ichomekwe mashine ya kusoma kompyuta ya gari, ionyeshe kila injekta inarekebishwa kiasi gani. Injekta ambayo tarakimu yake iko mbali sana na sifuri, ndiyo huyo.

Wiki mbili zilizopita gari ninayotumia sasa ikaanza mluzi. Gereji moja hapa mjini wakanipigia hesabu ya turbo mpya kabla boneti haijafunguliwa vizuri. Nikawaomba tochi. Kwenye ungio la mpira wa intakula, ile rejeta inayopoza hewa ya turbo, kulikuwa na ukungu mweusi wa oili, mstari mmoja tu, mwembamba kama wanja. Klipu ilikuwa imelegea. Shilingi 3,000. Kijana aliyekuwa ananipigia hesabu aliangalia viatu vyake, na sitawadanganya, nilifurahi kuliko inavyostahili.

Jamani tuwe watu wa kuuliza. Gari ni yako, mkopo ni wako, anayekatwa marejesho ni wewe. Fundi akisema ni kawaida, mwambie akuonyeshe kawaida iko wapi. Asiyetaka kugusa spana, mshukuru, washa gari uondoke. Tunaona aibu kuwauliza mafundi utadhani tunawadai.

Wewe wa Maskati, ukishajaribu bila mkanda, urudishe, halafu nirekodie sauti mara mbili, injini ikiwa ya baridi na ikishapata moto. Simu iweke juu ya tairi, si juu ya boneti. Ile uliyonitumia mwanzo, nusu nzima nimesikiliza simu yako inavyotetemeka.