Maswali ya Wasomaji: Barua kwa Hakimu

SWALI: Nimefunguliwa kesi ya madai, na siku ya kusikilizwa imegongana na siku niliyopangiwa upasuaji. Nataka kumwandikia hakimu anisogezee tarehe, na humohumo nimweleze jinsi mdai anavyodanganya. Nianzeje?

JIBU: Anza kwa kutenganisha mambo hayo mawili. Tarehe inaombwa kwa barua. Uongo wa mdai unajibiwa kwenye utetezi wako wa maandishi au siku ya ushahidi. Hakimu hatakiwi kusikiliza upande mmoja pembeni, kwa hiyo malalamiko hayo hayatakusaidia, na yatalifunika ombi lenyewe.

Kwanza uliza masijala (ofisi ya mahakama inayopokea na kutunza majalada) kama wanapokea barua au wanataka maombi rasmi, mahakama hazifanani. Kama ni barua, ukurasa mmoja unatosha. Iandike kwa msajili au karani wa mahakama, maana ndiye anayeiingiza jaladani. Chini ya "Mheshimiwa," weka kichwa cha habari: namba ya shauri na mwaka wake, majina ya pande zote kama yalivyo kwenye hati ya madai, na tarehe iliyopangwa. Namba ikikosewa hata tarakimu moja, barua hubaki masijala ikitafutiwa jalada huku siku zinakwisha.

Kisha nenda moja kwa moja:

"Mimi ni mdaiwa katika shauri tajwa hapo juu. Siku lililopangwa kusikilizwa nitakuwa nimelazwa kwa upasuaji. Naomba lipangiwe tarehe nyingine, baada ya tarehe … Barua ya daktari imeambatishwa."

Basi. Mistari mitatu ya "kwa heshima na unyenyekevu mkubwa" haiongezi kitu. Kinachopimwa ni kiambatisho: daktari ataje tarehe ya upasuaji na muda wa kupumzika, kwani "ni mgonjwa" tu haielezi kwa nini usifike. Mdai akiwa amekubali kuahirisha, litaje hilo pia.

Saini, andika jina kamili na simu, toa nakala tatu: ya mahakama, ya mdai au wakili wake (chini uandike "Nakala kwa: Mdai"), na yako, ambayo usiondoke nayo kabla haijagongwa muhuri wa kupokelewa. Peleka mapema, ya jana yake huenda isimfikie hakimu.

Na muhuri huo si kibali. Mpaka ujibiwe, tarehe ile bado ipo, na usipoonekana shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja, bila wewe. Kama huna wakili, tuma mtu na nakala yako akaijulishe mahakama.