Maswali na Majibu: Kutambua Mapambo ya Kale ya Wanajeshi wa Nyanda za Juu za Uskoti

Barua zilizonifikia safari hii zinahusu vitu vinavyoambatana na kilti za kijeshi, yaani sketi za kiume za Kiskoti: beji, majambia, na sporani, yaani ule mkoba wa manyoya unaoning'inia mbele ya vazi. Nimeshughulika na vitu hivi kwa muda mrefu na ninavipenda, ndiyo maana huniuma kuona mtu akilipa fedha nyingi kwa hadithi ya muuzaji badala ya kuulipia ushahidi ulio kwenye kitu chenyewe.

Swali: Nimenunua Nairobi beji ya kofia ya Black Watch, rejimenti ya Kiskoti. Muuzaji anasema ilivaliwa na askari aliyekuja Kenya wakati wa vita vya Mau Mau. Je, inawezekana?

Jibu: Inawezekana, kwa sababu rejimenti hiyo ilifika Kenya mwaka 1953 na kuondoka mwaka 1955. Hata hivyo, kuwezekana si kuthibitika. Anza na taji lililo juu ya sura ya Mtakatifu Andrea. Taji lenye matao yanayopanda kwa mviringo hadi kileleni ni la enzi za wafalme, kuanzia mwaka 1901 hadi 1952. Lile ambalo matao yake yanabonyea katikati ni la Malkia Elizabeth wa Pili, aliyetawazwa mwaka 1953. Lakini askari hawakubadilishiwa beji zote kwa siku moja, hivyo taji la mfalme halikanushi maneno ya muuzaji. Taji hukuonyesha tarehe ambayo beji haiwezi kuwa imetengenezwa kabla yake. Halikuambii lini iliacha kuvaliwa.

Kisha igeuze. Beji halisi za kipindi hicho zilipigwa kwa muhuri wa chuma kwenye bamba jembamba, kwa hiyo nyuma utaona umbo la mbele likiwa limeingia ndani, tena kwa mistari mikali. Beji iliyosubiwa, yaani iliyomiminwa kwa chuma kilichoyeyushwa, kutokana na nakala huwa nzito, nyuma yake ina chembechembe na vitundu vidogo, na uso wa mtakatifu huwa umefifia kama sabuni iliyotumika. Ikiwa ina dosari hizo, usiinunue kwa bei ya kitu cha kale. Hata ikipita majaribio yote, jina la askari na safari yake ya Kenya vinahitaji karatasi, picha au barua ya familia. Ninalisisitiza hili kwa sababu kwa familia nyingi za Kenya miaka ile ni kumbukumbu ya maumivu, na haifai mtu aigeuze kuwa chambo cha kupandishia bei.

Swali: Ninaishi Glasgow. Duka moja la vitu vya kale linauza jambia la Kiskoti lenye mapambo ya fedha na jiwe kubwa la rangi ya asali kwenye kichwa cha mpini. Wanasema lilitumika katika vita vya Culloden. Nilinunue?

Jibu: Kwa maelezo hayo, hapana. Mapigano ya Culloden, huko Uskoti, yalikuwa tarehe 16 Aprili 1746, na majambia ya wakati huo yalikuwa na mpini wa mbao uliochongwa nakshi za mafundo, ambao kichwa chake kilikuwa bapa na mara nyingi kilifunikwa kwa kisahani cha shaba au fedha. Jiwe kubwa la rangi ya asali, pamoja na kisu na uma vilivyopachikwa kwenye ala na kupambwa kwa mawe kama hayo, ni mtindo wa maofisa wa karne ya 19. Jambia la namna hiyo linaweza kuwa zuri na la thamani kubwa, ila si la Culloden.

Sasa soma mihuri ya fedha, yaani alama ndogo zilizogongwa na wapimaji wa ubora wa fedha, kwa kuwa hapo ndipo Uingereza na Uskoti zimetuachia kumbukumbu iliyo bora kuliko maneno ya mtu yeyote. Ngome yenye minara mitatu ni alama ya mji wa Edinburgh, na nanga ni ya Birmingham, ambako upimaji ulianza mwaka 1773. Alama ya mbaruti, mmea wenye miiba, ilitumika Edinburgh kuanzia mwaka 1759. Kichwa cha mfalme au malkia, kilichoonyesha kwamba ushuru umelipwa, kiligongwa kuanzia mwaka 1784 hadi 1890. Herufi ya mwaka hukamilisha hesabu. Mihuri yote sharti ikubaliane, na ikubaliane pia na mtindo wa jambia. Pulizia pumzi juu ya mihuri hiyo: ukiona mstari wa lehemu ukiizunguka, huenda mihuri imekatwa kwenye kijiko cha zamani na kupachikwa hapo.

Wapi pengine pa kutazama? Kwenye bapa la jambia. Majambia ya maofisa mara nyingi yana majina ya vita ambayo rejimenti iliruhusiwa kuyaandika, na mghushi husahau kuyahesabu. Jambia linalodaiwa kuwa la mwaka 1860 huku likiwa na jina la Tel-el-Kebir, huko Misri, linajikanusha lenyewe, kwa maana vita hivyo vilipiganwa mwaka 1882. Vivyo hivyo namba za rejimenti: tarehe 1 Julai 1881 jeshi liliunganisha rejimenti nyingi na kuzipa majina badala ya namba, ile ya 91 na ya 93 zikawa Argyll and Sutherland Highlanders. Jambia lenye jina hilo halikutengenezwa kabla ya muungano huo.

Swali: Mama mkwe wangu wa Edinburgh ameniachia sporani yenye kichwa cha melesi, yule mnyama wa Ulaya mwenye mistari myeusi na meupe usoni. Nitajuaje umri wake?

Jibu: Dada yangu, sporani ya namna hiyo ilivaliwa na maofisa na masajini wa Argyll and Sutherland Highlanders, askari wa kawaida walikuwa na singa nyeusi zenye matamvua sita meupe. Imulike kwa taa ya miale ya urujuanimno ndani ya chumba chenye giza. Uzi wa kisasa wa poliesta mara nyingi hung'aa, ilhali uzi wa kitani wa zamani kwa kawaida haung'ai hivyo. Usiharakishe kuhukumu, kwa sababu kitambaa kilichofuliwa kwa sabuni ya kisasa nacho hung'aa, na mshono mmoja mpya unaweza kuwa matengenezo tu. Tazama pia mkanda: ngozi iliyovaliwa huchakaa pale kifungio cha mkanda kilipokaza, si kila mahali kwa usawa. Melesi wanalindwa Uingereza na Uskoti kwa sheria ya mwaka 1992, kwa hiyo pata ushauri wa kisheria kabla ya kuiuza.

Swali: Niko Muscat. Nimeuziwa sporani nyeupe yenye matamvua matano meusi. Je, ni ya kale?

Jibu: Matamvua matano meusi juu ya singa nyeupe ni mpangilio wa Black Watch. Hata hivyo, Oman ina bendi zake za kijeshi za zumari za Kiskoti, na mji wa Sialkot nchini Pakistan hutengeneza sporani mpya kwa wingi, tena kwa biashara halali. Kosa ni la yule anayeichakaza baadaye na kuiita ya kale. Ikiwa chuma cha juu kina mng'aro mmoja bila mikwaruzo midogo, ilhali ngozi ya nyuma imetiwa uchakavu mwingi, rudisha.

Swali: Je, niisugue beji yangu kabla ya kumwonyesha mtaalamu?

Jibu: Usiisugue hata kidogo. Ipige picha mbele, nyuma na ubavuni, ukiweka rula pembeni, kisha uwaandikie watu wa makumbusho ya rejimenti husika: Black Watch wako Balhousie Castle mjini Perth, Argyll wako ngome ya Stirling, Gordon wako Aberdeen, na Seaforth pamoja na Cameron wako Fort George karibu na Inverness.