Mwanafunzi mmoja, mitindo miwili: kwa mwalimu mpya wa uimbaji

Wanafunzi wengi wa uimbaji huku kwetu wana maisha mawili. Jumapili wako kwaya, wanasoma solfa na kuimba soprano au tena (sauti ya juu ya wanaume). Siku nyingine wako studio au kwenye harusi, wanaimba juu ya biti ya bongo fleva au injili ya kisasa. Mwalimu aliyelelewa na upande mmoja huona upande wa pili kama kasoro ya kurekebishwa. Wa kwaya husema "usipige kelele", wa bendi husema "acha kuimba kama kanisani". Wote wawili wanamharibia mwanafunzi, kwa sababu nyuzi za sauti ni zilezile na kinachobadilika ni namna ya kuzitumia. Kazi yako ni kumwonyesha hasa kinachobadilika, ili ahame kwa hiari yake mwenyewe.

Anza kwa kutafuta mahali sauti yake inapogeuka. Mpe A3, yaani A iliyo chini ya C ya kati (C4), aimbe "a" kwa nguvu ya kuongea tu, apande nusu toni moja moja. Usimwambie abadilishe chochote. Kwa wanawake wengi sauti ya kifua, ile nzito ya kuongea, huanza kulemea mahali fulani baina ya E4 na A4. Kwa besi na baritoni ni karibu na C4 hadi E4, kwa tena ni E4 hadi G4. Utasikia dalili: anainua kidevu, anaongeza sauti ghafla, au inakatika na kuwa nyembamba. Andika noti hiyo kwenye daftari lake. Tofauti kubwa ya mitindo hii miwili iko hapo hapo.

Chukua sentensi fupi, kwa mfano "njoo nyumbani", na uiweke kwenye noti ambazo silabi "mba" inafika A4. Sasa ifundishe mara mbili.

Kiklasiki, yaani kwa mtindo wa kwaya, mwanamke anaingia sauti ya kichwa, ile nyepesi ya juu, mapema, karibu na F4, kabla kifua hakijalemea. Koo limetulia chini kidogo, kama mtu anayetaka kupiga miayo lakini hajaanza. Mdomo unafunguka kwenda chini, si pembeni. "A" ya "mba" inaegemea "o" kidogo. Konsonanti ni za haraka, vokali ndiyo inayobeba wimbo, na mtetemo wa sauti, ambao kwa kawaida huwa mara tano hadi saba kwa sekunde, unakuwepo tangu mwanzo wa noti. Akipanda zaidi, E5 na kuendelea, mwache afungue taya zaidi hata kama "i" na "u" zitapoteza sura yake. Huko juu kabisa hakuna soprano anayeweza kutamka "i" safi bila kubana koo, kwa hiyo usimkaripie.

Kwa mtindo wa kisasa, mwambie kwanza aite "njoo nyumbani!" kama anamwita mtoto aliye mwisho wa uwanja. Usiguse kinanda. Aite mara tatu, kisha tafuta kwenye kinanda ile noti aliyoifikia. Mara nyingi atakuwa amefika G4 au A4 bila kujua. Sauti hiyo ya kuita ndiyo mbegu. Mdomo ubaki na umbo la kuongea, "a" iegemee "e" kidogo, noti iwe nyoofu, na mtetemo uje mwishoni tu kama utakuja.

Hapa ndipo walimu wapya wanapokosea zaidi: wanasema "vuta pumzi nyingi, sukuma kutoka tumboni". Katika kuita kwa nguvu nyuzi za sauti hufungana kwa muda mrefu zaidi katika kila mtikisiko, na hewa inayopita ni kidogo. Ukimjaza hewa na kumwambia asukume, shinikizo chini ya koo linakuwa kubwa mno, nyuzi zinagongana, na baada ya nusu saa sauti imekauka. Mwambie avute pumzi ya sentensi moja ya kawaida, mbavu zibaki zimepanuka, basi. Pumzi ndefu mwekee ule mstari mrefu wa kiklasiki.

Ufunguo wa wimbo nao una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Wimbo wa kwaya wenye doh ni A♭, ambao soprano inafika "s" (so) ya juu, unampeleka hadi E♭5. Kwa sauti ya kichwa ni raha. Wimbo huohuo akitaka kuuimba kisasa, shusha doh iwe E♭. Ile "s" sasa ni B♭4, mahali ambapo sauti ya kuita bado inawezekana. Uzuri wa solfa ni kwamba hata silabi moja haibadiliki kwenye karatasi, ila maandishi ya juu tu. Kwa wanaume hali ni tofauti: nyimbo nyingi za bongo fleva ziko juu sana, na mwimbaji mwenyewe huzifikia kwa falseto (sauti nyembamba ya juu ya mwanaume) au kwa sauti nyepesi ya katikati. Kijana wa besi akijaribu kuzibeba kwa kifua atajiumiza. Shusha biti nusu toni tatu au nne, na umweleze pia kwamba anachokisikia kwenye simu ni sauti ya mtu mmoja iliyorekodiwa mara nyingi na kupangwa juu ya nyingine, kisha ikanyooshwa na programu. Asijipime nayo.

Maikrofoni ifundishwe kama sehemu ya ala. Kwenye ubeti wa chini, sentimita tatu hadi tano kutoka mdomoni. Kwenye noti ya kuita, kumi hadi kumi na tano. Ukiisogeza karibu sana mvumo mzito wa chini unaongezeka na maneno yanafifia. Asishike kichwa cha maiki kwa kiganja, spika zitalia. Mwimbaji wa kiklasiki hana maiki, hasa mwanaume anategemea mng'ao wa sauti karibu na hezi 3000, eneo ambalo sikio ni jepesi kusikia na okestra haina nguvu nyingi. Ndiyo maana sauti iliyofundishwa kwa ukumbi inakuwa kali mno mbele ya maiki, na ile ya maiki inapotea ukumbini.

Lugha yetu ina vokali tano zilizo wazi na silabi nyingi zinaishia kwa vokali, faida kubwa kwa mtindo wowote. Angalia tu maneno kama "mtu" na "nchi". M na n hapo ni silabi kamili, na mkazo umekaa juu yake. Zipewe noti yake: midomo ifungwe kwenye m na sauti iendelee kuvuma, kisha "tu". Mwanafunzi anayeimba "mutu" ili apate vokali ya kushikia arekebishwe siku hiyo hiyo, tabia hiyo ikizoeleka haitoki.

Akitaka taarabu, acha kinanda pembeni. Maqamu, yaani ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, kama rast na bayati zina noti zinazoangukia katikati ya vitufe. Afundishwe kwa udi, fidla au mdomo wa mwalimu anayezijua. Kama humjui mwalimu huyo, Dhow Countries Music Academy ya Zanzibar imekuwa ikifundisha muziki huo tangu 2002.

Kuhusu afya, tangawizi na mayai mabichi havigusi nyuzi za sauti, vinapita kwenye umio. Maji husaidia yakinywewa tangu asubuhi, na mvuke hufika penyewe. Zoezi la bei nafuu kuliko yote ni mrija wa soda: uzamishwe sentimita mbili au tatu ndani ya chupa ya maji, avume "u" huku mapovu yakitoka mfululizo, apande na kushuka kwa dakika tatu. Mapovu yakikatika, pumzi imekatika. Tumia zoezi hili kupasha sauti na pia katikati ya somo unapohama kutoka mtindo mmoja kwenda mwingine, kwa sababu linaondoa kile koo lilichozoea dakika tano zilizopita.

Katika somo la saa moja, weka kiklasiki kwanza na kuita baadaye, na kuita kusizidi dakika kumi na tano kwa mwanafunzi wa miezi ya mwanzo, tena kwa vipande vifupi. Sauti ikibaki imekwaruza kwa wiki tatu, sitisha masomo na umpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo akaangaliwe nyuzi.