Moteri imezeeka, tuweke mafuta gani? Majibu kwa maswali yenu

Fundi, niko na Corolla ya 1998, natembeza teksi Nguba–Kadutu. Mekanisie mumoja anasema niweke 20W-50 juu moteri imechoka, mwingine anasema 5W-30. Nimusikilize nani?

Hakuna mwenye amekosa kabisa, ila kila mumoja amekuambia nusu. Nambari yenye iko mbele ya W ni ya baridi: mafuta ya 20W wanaipima kama moteri inaweza kudemare kwa nyuzi 15 chini ya sifuri, na Bukavu hata asubuhi ya mvua hatufiki huko, kwa hiyo ile nambari isikunyime usingizi. Nambari ya nyuma ndiyo uangalie sana, inaonyesha uzito wa mafuta ikishafika nyuzi 100. Kama gari yako haili mafuta weka 10W-40 ama 15W-40 na ufunge mdomo. 20W-50 ni ya moteri yenye kusineti (vipande vya chuma vyenye kushika shafti ndani ya moteri) zimeshalika, ile yenye ukikwama kwa ambuteyaji pale Essence na joto imepanda, lampu ya mafuta inaanza kuwakawaka. Lakini hapo kwanza omba wakupimie presha ya mafuta na manometri (saa ya kupima presha), juu ile lampu inangoja presha karibu kuisha njo inawaka. Mafuta mazito inaweza kuizimisha lampu na kusineti zikaendelea kulika kimya kimya, ni vile watu wengi wanauziwa gari mbovu.

Yangu ni Corolla ya 2000, moteri 1ZZ, inakula karibu litri moja kila wiki mbili na chini hakuna tone. Mafuta inaenda wapi?

Inaungua, mama. Hizo 1ZZ za kwanza, kabla ya 2002 hivi, zinajulikana: tundu za kurudisha mafuta kwenye pistoni ni ndogo, zinaziba na uchafu, segima ya mafuta (pete ya pistoni yenye kupangusa mafuta) inashikama haifanye tena kazi. Ila usikimbilie kufungua moteri. Angalia moshi kwanza: ukidemare asubuhi inatoka ya bluu halafu inaisha, ama unashuka Kadutu na gia, mguu hauko kwa pedali ya esanse, ukifika chini ukikanyaga inatoka wingu moja ya bluu, hapo mimi naangalia jwenti za supapi (mipira yenye kuzuia mafuta isipite kwa supapi), na hizo zinabadilishwa kwa bei ya kawaida. Ikitoka wakati wote ukipanda mulima, hapo ni segima. Kuongeza uzito kutoka 30 kwenda 40 inapunguza kidogo, haiponyeshi. Kingine, pima kila unapoweka esanse, usingoje lampu, juu moteri nyingi hazikufi na mafuta mubaya, zinakufa juu mafuta haikuwamo.

Bidoni imeandikwa API SF (alama ya kiwango cha mafuta), muuzaji anasema ni ya kwanza kabisa. Ni kweli?

Ya kwanza kwa kuzeeka labda! Herufi S ni ya moteri za esanse, C ni za mazutu, na ile herufi inayofuata inaonyesha umri: SF ni ya moteri zisizopita 1988, SJ mwisho 2001, SN ilitoka 2010, SP 2020. Ile mupya inaweza kuingia kwa gari ya zamani, ya zamani kuingia kwa gari mupya hapana. Kwa hiyo SF kwa gari ya 2005 ni kuitesa.

Kuko kitu kimoja tu wenye Land Cruiser za zamani za esanse wajue. Kinachozuia chuma kusugua chuma kwenye kamu (shafti yenye kufungua supapi) ni zinki na fosfori, na kuanzia SM ya 2004 walipunguza fosfori kwenye mafuta mepesi kama 5W-30 na 10W-30 ili isiharibu katalizeri (chombo cha kusafisha moshi kwenye ekzosi). Mafuta mazito hayakubanwa vile. Njo maana kwa gari hizo mimi natafuta 15W-40 yenye imeandikwa CI-4/SL, ya mazutu na esanse pamoja, na inapatikana bila shida.

Na bidoni tupu muzitoboe na musumari kabla ya kuzitupa, juu kuko wenye wanazinunua na kuzijaza tena mafuta iliyotumika.

Mafuta ya sinteti (sintetiki) inavujisha moteri ya zamani?

Haitoboi jwenti. Inasafisha uchafu wenye ulikuwa unaziba mahali jwenti imeshakauka, sasa ile iliyokufa zamani inaonekana leo. Kama moteri iko kavu, weka. Kama inavuja tayari, peleka pesa kwa jwenti.

Mimi ni motari, naweza kuweka mafuta ya gari kwa pikipiki yangu ya Boxer?

Hapana, kaka. Ambreyaji (klachi) yako inaogelea ndani ya mafuta ile ile, mafuta ya gari yenye viongezo vya kutelezesha inaifanya ipatine (iteleze bila kushika). Tafuta 20W-50 yenye imeandikwa JASO MA, alama ya mafuta ya pikipiki.

Konteri yangu ya kilometa imekufa. Vidanje (kubadilisha mafuta) nafanya lini?

Hesabu esanse. Gari inayokula litri 10 kwa kilometa 100, ukishaiwekea litri 500 umefanya kama kilometa 5,000. Tena hii njia naipenda kuliko konteri yenyewe, juu muda unasimama kwa ambuteyaji moteri inazunguka, kilometa hazisongi, lakini esanse inahesabika. Saizoni ya kavu, kama unaenda Kavumu kila siku na vumbi ile, fanya kwa litri 400 na uangalie filtri ya hewa, maana vumbi ikipita pale hakuna mafuta itaokoa segima.

Nisafishe moteri na mazutu kabla ya vidanje?

Usifanye. Mazutu inafanya mafuta kuwa nyepesi kama maji, inabandua uchafu vipande vipande na vinaenda kuziba krepini (chujio) ya pompi ya mafuta. Fanya vidanje mbili za karibu karibu, kilometa 2,000 kila moja na filtri mupya, itajisafisha pole pole.