Uliza Mzee wa Ghala: Nikiwa na bastola nitalala usingizi?

Maswali yanajibiwa na askari mstaafu aliyetunza ghala la silaha kwa miaka 19.

*Shikamoo mzee. Nina duka la jumla na uwakala wa pesa Mbagala Rangi Tatu. Mwezi uliopita wakala mwenzangu alivamiwa wakati anafunga, mkoba ukaenda wote. Nataka kuomba leseni ya bastola. Mke wangu ameapa siku ikiingia ndani, yeye anatoka. Shemeji yangu yuko Texas, anasema kule watu wanatembea nazo kiunoni bila kibali na wezi wanashika adabu. Nani mkweli? – Baba Nasra*

Marahaba, mwanangu. Shemeji nimmalize kwanza. Kuhusu kibali hakudanganyi: Texas, tangu Septemba 2021, mwenye miaka 21 na kuendelea ambaye sheria haijamzuia anaweza kubeba bastola hadharani bila kibali. Kwao kuwa na silaha ni haki iliyomo kwenye katiba tangu 1791, na mpaka leo wanaburuzana mahakamani kuhusu mipaka yake. Hiyo ya wezi kushika adabu mwachie mwenyewe. Sisi huku tunaomba ruhusa, na anayeomba huulizwa sababu. Sheria yetu ya 2015 inataka uwe umetimiza miaka 25, akili timamu, na maombi yako yaanzie serikali ya mtaa kabla ya kupanda kwenye kamati za ulinzi na usalama na polisi. Watu wanalalamika kwamba ni mzunguko. Mimi naipenda hatua ile ya chini kuliko zote. Polisi makao makuu hawajui kama ukilewa unavunja vyombo. Mwenyekiti wa mtaa anajua.

Sasa tuje Rangi Tatu. Mwenzako alivamiwa wakati anafunga, umeandika mwenyewe. Hebu simama pale kichwani mwako. Saa nne usiku, umeipa barabara mgongo, mkoba uko kwapani, mikono yote miwili iko kwenye kufuli. Bodaboda inasimama nyuma yako. Hiyo bastola utaitoa kwa mkono gani? Wao wamekuja tayari, wewe ndiyo kwanza unageuka. Usiku huo watakuwa wamepata mkoba na bastola juu.

Usidhani nakudharau. Julai 2015 majambazi waliingia kituo cha polisi chenyewe, Stakishari kule Ukonga, wakaua askari na kubeba bunduki. Agosti 2021, karibu na ubalozi wa Ufaransa, mtu mmoja aliua askari watatu na mlinzi wa kampuni binafsi. Wale askari walikuwa na silaha na mafunzo. Anayeshtukizwa huwa amechelewa, hata awe na mzinga.

Tena kuna suala la nyumbani. Utaiweka wapi? Ukiifungia kwenye kasha la chuma, risasi zikakaa kwingine, ufunguo ukawa nao wewe tu, hapo umefanya inavyotakiwa. Lakini mwizi akigonga dirisha saa nane usiku utakuwa bado unapapasa funguo. Ukiiweka chini ya mto ili iwe karibu, basi iko karibu na Nasra pia. Nimelifikiria hili miaka mingi na sijaona mtu aliyelitatua.

Nikupe la ghalani. Askari mmoja, mzoefu kunishinda, alirudisha bastola jioni. Alitakiwa achomoe magazini kwanza, kile kisanduku cha risasi kinachokaa ndani ya mpini, halafu avute sehemu ya juu nyuma ili risasi iliyomo kwenye chemba, pale inapokaa ikisubiri kufyatuliwa, iruke nje. Siku hiyo alikuwa na haraka ya daladala, akageuza: akavuta kwanza, risasi moja ikaruka, akairudisha ikasukuma nyingine ndani, ndipo akachomoa magazini. Akaniambia, “Iko tupu.” Akabonyeza kifyatulio kuhakikisha, ikalia. Bahati mdomo ulielekea kwenye pipa la mchanga tulilowekewa kwa kazi hiyo. Masikio yalinivuma hadi kesho yake. Tangu hapo sijawahi kupokea silaha kwa maneno. Hata aniletee bosi wangu, naifungua mwenyewe na kutia kidole kwenye chemba. Nyumbani kwako, Baba Nasra, hakuna pipa la mchanga. Kuna mlango wa mbao, na risasi ya milimita 9 inaupita ikiwa bado na nguvu ya kuua mtu wa chumba cha pili. Mbagala tunavyopangana, chumba cha pili ni kwa jirani.

Kwa hiyo namuunga mkono mkeo. Funga mapema, saa kumi na mbili jua likiwapo. Badilisha saa ya kupeleka pesa benki, usiwe kama adhana. Mtu wa pili asimame akitazama barabara wakati wewe unafunga. Na ule mkoba mweusi wa zipu ambao mawakala wote wa jiji hili wanabeba, kautupe. Unatangaza pesa kuliko bango.

*Mzee, mume wangu amefariki, ameacha shotigani aliyokuwa anawindia kwao Rufiji. Ina leseni. Watoto wanataka tuiweke kama kumbukumbu. – Mjane, Kimara*

Pole sana dada yangu, Mungu amrehemu. Leseni ilikuwa ya marehemu, hairithiwi kama shamba. Kuanzia sasa bunduki ile ndani ya nyumba haina mwenyewe kisheria, na mwanao akiitaka aombe ya kwake upya.

Usiibebe, hata ikiwa imefungwa kwenye khanga. Ukisimamishwa njiani utaeleza nini? Nenda kituo cha polisi mikono mitupu, ukiwa na leseni ya marehemu na cheti cha kifo, uwaombe waje kuichukua. Wakija, namba ya bunduki isomwe mbele yako na risasi zihesabiwe, upewe maandishi. Usimruhusu kijana yeyote aifungue “kuangalia kama ina kitu”.

Watoto wakitaka kumbukumbu, wawekee mkanda wake wa ngozi wa kubebea risasi. Ila uonyeshe askari kwanza, mifuko yote. Wawindaji husahau moja.