Usiku Tulioshindwa Kujua Nani Yuko Salama

Majambazi walivunja geti la hosteli saa nane usiku. Ndani ya dakika kumi hivi walikuwa wameshazoa simu na kompyuta, wakamkata panga mkononi kijana aliyegoma kuachia ya kwake, wakatokomea migombani. Nilikuwa mlezi wa wanafunzi katika chuo kimoja hapa Moshi. Kijana alishonwa usiku uleule, akapona. Kilichotushinda ni saa zilizofuata.

Kabla sijafika, magrupu ya WhatsApp yalishasema wameuawa watatu. Mama mmoja akanipigia kutoka Same: "Mwalimu, niambie tu, mwanangu mzima?" Sikuwa na jibu. Orodha ya nani analala chumba gani ilikuwa kwenye kompyuta ya ofisi, umeme umekatika, na ufunguo alikuwa nao karani aliyelala Himo. Wanafunzi wenyewe wametawanyika kwa marafiki, hawana simu. Yule mama alipata jibu langu saa moja asubuhi. Saa tano nzima mzazi anangoja!

Kwa hiyo naomba sana, wenzangu wa vyuoni: orodha hiyo iwe kwenye karatasi, kila muhula, pamoja na namba za wazazi. Nakala moja ikae nyumbani kwa mlezi, nyingine kwa matroni. Na pawepo mahali panapojulikana na wote pa kukusanyikia, muhesabiane. Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, kilipovamiwa na magaidi wakauawa watu 148, tarehe 2 Aprili 2015, wengi wao wanafunzi, kuna wazazi walioshinda siku kadhaa kwenye mochari ya Chiromo, Nairobi, wakiwatafuta watoto wao kati ya miili. Msiba ule hauondolewi na karatasi. Lakini kule kungoja bila kujua, sehemu yake iko mikononi mwetu.

Halafu semeni mapema. Sisi tulingoja tangazo liidhinishwe. Likatoka saa nne asubuhi, maneno ya kiofisi matupu. Katika chuo cha Virginia Tech, Marekani, mwaka 2007, risasi za kwanza zililia bwenini kama saa 1:15 asubuhi. Barua pepe ya tahadhari ikatoka saa 3:26, na muda mfupi baadaye muuaji akaanza tena kwenye jengo la madarasa. Kwa jumla aliua watu 32 siku ile. Ujumbe mfupi unatosha: "Hosteli imevamiwa. Mmoja ameumia, yuko hospitali. Polisi wamefika. Tutawaambia tena saa kumi na moja." Na saa kumi na moja ikifika semeni, hata kama hakuna jipya.

Baadaye mwenzetu mmoja alipendekeza zoezi la kushtukiza, tulipue fataki. Nilikataa. Novemba 2015 katika chuo cha Strathmore, Nairobi, zoezi la milio ya risasi lilifanya watu waruke madirishani, na mfanyakazi mmoja akafa. Fanyeni zoezi mchana, mkiwa mmetangaza, watu watembee tu hadi mlangoni.

Kosa langu kubwa lilikuwa mtihani wa Jumatatu. Niliunga mkono ufanyike, nikidhani ratiba itawatuliza. Aliyekuwa akilala chumba kimoja na majeruhi alikaa saa mbili akitazama mlango, karatasi nyeupe. Akaaga, akaenda kwao Rombo, na hatukumtuma mtu hata kumjulia hali. Alirudi mwaka uliofuata akaomba chumba cha ghorofani. Nilimpa, nikatembea naye nikimwonyesha milango yote miwili ya kutokea.