Mwanangu, mvua ni ileile

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliupata juzi. Umeuliza iweje chemchemi ya bondeni ikauke mwezi wa pili na vuli ilinyesha vizuri, na kama ukituletea miche ya mikaratusi tuipande pale, maji yatarudi? Kwa simu nisingemaliza, nimeona nikuandikie.

Na mvua hatuna ugomvi. Kilichobadilika ni udongo wa ule mteremko wa juu. Unakumbuka ulivyokuwa: miti mirefu, chini yake iliki, na majani makavu yanayokufika kwenye kifundo cha mguu. Mimi na marehemu baba yako ndio tuliofyeka, mwaka ulipoingia kidato cha kwanza, tukapanda mahindi. Ada ililipwa. Sijutii kusoma kwako hata kidogo, ila chemchemi ilianza kudhoofika hapo, na ni haki yako kujua.

Wiki hii nilichukua donge la udongo wa msituni na jingine la shambani kwetu, nikayaanika mpaka yakakauka, kisha kila moja nikalitia kwenye glasi ya maji. La shamba lilianza kumeguka papo hapo; chai haijachemka, limeshakuwa tope. La msituni lilitoa vipovu vidogo tu, na hadi naandika hapa bado ni donge. Linashikwa na mboji, nyuzi za kuvu na vijizizi vyembamba kama nywele, na katikati yake mna vijia vya minyoo na vya mizizi iliyooza. Mvua hupenya humo, ikashuka polepole, ikatembea chini kwa chini kwa miezi, ndipo ikatutokea bondeni wakati wa jua kali.

Shambani tone linapiga udongo mtupu. Chembe zinaruka, zinaziba vile vijia, juu panafanya gamba. Maji yanayofuata hayana pa kuingia, yanateremka na udongo wetu hadi mto Zigi. Ukiuona mto ule wakati wa masika una rangi ya chai ya maziwa, ujue shamba letu limo. Na ndio unaojaza bwawa la Mabayani, mnakopata maji ninyi wa Tanga mjini.

Hata wenye elimu walikosea hapa. Wajerumani, mwishoni mwa karne ya 19, walifyeka misitu hii ya Usambara Mashariki wapande kahawa. Waliona miti mikubwa wakadhani udongo wenyewe ni tajiri, kahawa ikawaangusha. Udongo wetu mwekundu umeoshwa na mvua miaka na miaka; rutuba yake nyingi iko kwenye miti yenyewe na kwenye majani yanayooza juu. Ukiondoa mti umeondoa na ghala.

Sasa hiyo mikaratusi. Miti nayo hunywa, mwanangu, na mkaratusi hukua haraka kwa kunywa sana. Ukiupanda kichwani mwa chemchemi, utakunywa kabla yetu. Kama ni nguzo na kuni, tuipande kule kwenye kipara karibu na barabara, wala sitakukatalia. Bondeni nataka mikuyu. Nayo hunywa, lakini inatia kivuli na kuangusha majani mengi, na wazee waliiacha pale kwenye maji wakijua wanachofanya.

Mteremko wenyewe siwezi kuurudisha ulivyokuwa, na mahindi bado tunayategemea. Ila mabua sichomi tena, nayalaza shambani yafunike udongo. Nataka tuchimbe matuta ya kukinga mteremko, juu yake tuoteshe majani ya guatemala, ng'ombe nao wapate. Kazi hiyo ya jembe mgongo wangu hauiwezi peke yake.

Ukipata hata siku tatu kabla ya masika, njoo. Vijiti vya mkuyu nimechomeka kumi na viwili nyuma ya jiko, vinne vimeshachipua.

Mama yako